Upande Niliomfundisha Subilaga

Kabla hujamwambia mgonjwa wa mgongo avue shati, tazama pindo la nguo yake. Sketi ambayo upande mmoja unagusa goti na wa pili umepanda vidole viwili inakueleza habari za nyonga na uti wa mgongo mapema kuliko picha ya eksirei. Tazama na viatu, kisigino kipi kimelika zaidi. Tazama mkoba wa shule unakaa bega gani, na kwa nini kila ukihamishiwa bega la pili unateleza. Haya sikufundishwa chuoni. Alinifundisha fundi cherehani mmoja wa kata ya Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu, na kwa muda mrefu niliona aibu kukiri hivyo.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya fiziotherapia mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Nimeanza mara tatu kuandika mambo ya kujivunia, maana yapo. Nimewasimamisha watu waliokuja wamebebwa kwenye machela ya miti. Lakini kila nikishika kalamu ananijia msichana mmoja wa Lufingo. Basi nitapita na kwingine njiani, lakini ninakokwenda ni kwake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikachukuliwa kwenye mafunzo ya tiba ya mazoezi. Mwalimu wetu wa vitendo alikuwa mzee mkali, mpole kwa wagonjwa na katili kwetu. Siku za gulio alitupeleka sokoni, akatusimamisha ukutani tuwatazame wanawake wakipita na mikungu ya ndizi kichwani. "Nionyesheni mwenye maumivu," alisema. Sisi tulimwonyesha anayechechemea. Yeye akamwonyesha aliyetembea wima kama mlingoti. "Yule hawezi kugeuka," akasema. "Akiitwa jina atageuza mwili mzima. Mwite." Mwenzetu akaita, na yule mama akageuka mwili mzima, mkungu na vyote, akatutukana kwa Kinyakyusa mpaka tukaondoka.

Nilipoanza kazi nilikuwa na dawa moja kwa kila mgonjwa wa mgongo: usibebe. Nilimkataza mzee mmoja wa upande wa Igogwe asibebe tena ndizi. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Nimekuelewa, daktari. Basi Jumamosi uje na huo mgongo wako mzima, mikungu ipo sita." Tangu siku hiyo nikaacha kukataza, nikaanza kufundisha namna ya kubeba.

Mwingine nilimfundisha alale chali asubuhi, ainue mguu mmoja mmoja na kuhesabu hadi kumi. Sikuwaeleza watu wa nyumbani kwake. Mkewe alipomkuta sakafuni ameinua mguu anahesabu, alitoka mbio akipiga yowe kwamba baba Ambokile amechanganyikiwa. Majirani wakaja na mzee wa kanisa. Wakamwombea. Mgonjwa wangu aliniambia baadaye kwamba waliomba kwa muda mrefu, na yeye hakuthubutu kushusha mguu mpaka waseme amina. Kwa hiyo, mkimpa mtu zoezi, iteni na wa nyumbani mwake aone.

Sasa nije kwenye mgongo uliopinda kwa ubavuni, ule tunaouita skoliosisi. Zamani tulidhani ni kupinda tu, kama mti uliosukumwa na upepo, kwa hiyo tukawaambia watoto, "Simama wima kama askari!" Mtoto alikaza mabega, akaonekana kanyooka kwa dakika mbili, nasi tukafurahi. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mgongo ule haupindi tu, unajisokota, kama nguo inapokamuliwa. Mbavu za upande mmoja zinasukumwa nyuma na kufanya kinundu, na za upande wa pili zinaingia ndani na kufanya shimo. Kwa hiyo huwezi kumpa mtoto huyo mazoezi yanayofanana pande zote mbili. Upande ulioingia ndani unafunguliwa: mkono wa upande huo unanyooshwa juu, mbavu zinavutwa kutoka nyonga, na pumzi inapelekwa pale pale kwenye shimo, polepole, kama mtu anayejaza mfuko uliokunjamana. Upande wenye kinundu unatulizwa. Mtoto anafanya hivyo kila siku, kwa miaka, mpaka amalize kurefuka.

Nami niwaambie kweli, hata likifanywa sawasawa, zoezi halimfanyi mtu awe rula. Mara nyingi tunachopigania ni mgongo usizidi kupinda wakati mtoto anakua, misuli ipate nguvu, pumzi iwe nyepesi. Wengine wanahitaji mkanda mgumu au kupasuliwa mbali na hapa. Lakini mnaona wenyewe kwamba katika kazi hii upande ndio dawa. Ukikosea upande hujatoa dawa dhaifu, umetoa nyingine kabisa.

Zilikuwa zile zama ambazo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokaa na rafu tupu yalianza kujaa. Vikaja vioo virefu vya kujitazama mwili mzima, ikaja mitumba kwa marobota, ikaja mikanda ya mpira ya kiuno ambayo wafanyabiashara walisema inatibu kila kitu. Na sisi watumishi tukaruhusiwa kuwa na kazi zetu za pembeni. Asubuhi nilikuwa hospitalini, ambayo siitaji kwa sababu kosa si lake. Ikifika saa nane nilishuka mbio mpaka Bagamoyo, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la fundi cherehani, Bi Zuhura.

Bi Zuhura alizaliwa Tukuyu, lakini babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mteremko wa watu wa huko. Mimi aliniita "fundi viungo", na aliona kazi zetu ni moja. "Wewe unashona watu kwa ndani, mimi kwa nje," alisema. Nilicheka, lakini moyoni niliona amenishusha. Mjini walikuwa wameanza kuniita daktari wa migongo, na jina hilo lilinikaa vizuri mno.

Siku moja aliniita dukani. Mbele yake alisimama msichana wa miaka kumi na mitatu, amevaa sweta ya shule iliyolowa ukungu, pamoja na mama yake. Walitoka Lufingo.

"Mtoto huyu nimemshonea sketi mwezi wa pili," Bi Zuhura akasema. "Pindo lilikuwa sawa, nimepima mwenyewe. Sasa tazama. Kitambaa hakijarudi kwa maji, ni mtoto. Kachukue vifaa vyako."

Huyo ndiye Subilaga. Nilimwinamisha mbele mikono ikining'inia, mama yake akainua blauzi nyuma, na kinundu kikaonekana upande wa kulia, si kikubwa, kama kiganja kilichofichwa chini ya ngozi. Nilishusha timazi niliyoazima kwa mwashi, kutoka shingoni, na uzi ukaanguka pembeni ya mstari wa katikati. Nikamwambia mama yake kwamba tumemwahi. Bado anarefuka. Akifanya mazoezi sasa, mgongo una nafasi nzuri ya kubaki hapa hapa ulipo.

"Na asipofanya?" mama akauliza.

"Utazidi kupinda, mama. Na muda ukipita haurudi."

Mama Subilaga alikuwa mjane, mwenye shamba la migomba na chai kidogo, mwanamke wa maneno machache. Alimtazama binti yake, akasema, "Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Zoezi nilimfundisha hospitalini, asubuhi moja yenye foleni ndefu, na akili yangu nusu ilikuwa Bagamoyo. Chumba hakikuwa na pazia, mama yake hakuja siku hiyo, wala sikuwa na mtumishi wa kike wa kukaa nasi, kwa hiyo hakuvua hata sweta. Nilisimama mbele yake, tukaelekeana. Nikanyoosha mkono wa kushoto juu, nikasogeza mguu wa kushoto, nikavuta pumzi ubavuni. "Hivi," nikasema. "Kisha hivi. Umeelewa?"

"Ndiyo, tata."

"Kila asubuhi, mara kumi na tano."

"Ndiyo, tata."

Nikaita mwingine.

Sasa ninyi ambao mmezaliwa huku, fikirini. Msichana wa Kinyakyusa, wa enzi zile, mbele ya mwanamume wa umri wa baba yake, anayemwita tata, yaani baba. Atatazama wapi? Mimi nimelelewa huku, nilijua dada zangu walitazama wapi wakiongea na baba. Walitazama chini. Subilaga hakuziona mbavu zangu wala pumzi yangu. Aliona miguu yangu na kivuli cha mkono, na kama mtu yeyote anayeiga aliyesimama mbele yake, mguu wangu ulipokwenda upande wa dirisha na wake ukaenda upande wa dirisha. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Nilimtuma nyumbani akanyooshe na kufungua upande wenye kinundu, na kuubana zaidi ule ulioingia ndani.

Naye akafanya. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba, ameshika shina la mgomba ili asianguke kwenye utelezi, kabla ya kwenda shule. Mara kumi na tano.

Alirudi kwangu kila mwezi. Sikumwambia hata mara moja anionyeshe. Nilimuuliza, "Unafanya?" akasema, "Ndiyo, tata," nikaandika kwenye faili kwamba anaendelea. Mwezi wa sita tangu aanze nikamwinamisha tena, nikashusha timazi. Kinundu kilikuwa kimekua.

"Hafanyi huyu," nikamwambia mama yake.

"Ninafanya," Subilaga akasema akitazama sakafu. "Kila asubuhi ninafanya."

Hapo nikasema neno ambalo nililiona la busara sana. Nilisema, "Mama, mtoto anaweza kusema uongo. Mgongo hausemi uongo."

Mama Subilaga aliinuka, akamfunga binti yake vifungo vya sweta kimoja kimoja, kwa nguvu, kama anayefunga gunia. Niliambiwa baadaye kwamba jioni ile alimchapa, na tangu siku hiyo alikuwa akisimama na fimbo nyuma ya nyumba, akihesabu yeye mwenyewe. Sasa akawa anafanya mara thelathini. Upande ule ule.

Aliyeligundua ni Bi Zuhura. Subilaga alipeleka sketi ishushwe pindo kwa mara nyingine. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na mgonjwa wa bega, nikamsikia Bi Zuhura akimuuliza mtoto kwa sauti ya chini, na mtoto akilia. Kisha, "Fundi viungo! Hebu njoo."

"Nina mgonjwa, Bi Zuhura."

"Mgonjwa wako yuko huku."

Nilimkuta Subilaga mbele ya kioo kile kirefu cha wateja, mkono wa kulia umenyooshwa juu, mguu wa kulia umesogea, anavuta pumzi kwa bidii mpaka mishipa ya shingo imesimama. Kila akivuta, kinundu kilizidi kujitokeza chini ya blauzi. Niliona kwa macho yangu. Hata mtu asiyesoma angeona.

"Nani alikufundisha hivyo?" nikamuuliza.

Akanijibu bila kuinua macho. "Wewe, tata."

Bi Zuhura alimtuma akanunue uzi mweusi, ambao alikuwa nao boksi zima. Alipotoka akaniuliza, "Ulisimama wapi ulipomfundisha?"

"Mbele yake."

"Naye alikuwa anatazama wapi?"

Nikatazama sakafu.

"Baba," akasema, na hapo sikuwa tena fundi viungo, "mimi nimeshona miaka ishirini. Nikimpima mtu ananielekea, kulia kwake ni kushoto kwangu. Mpaka leo namgusa mteja bega kwanza ndipo naandika. Maana nguo nikiikosea nafumua. Huyu utamfumuaje?"

Nikasema nitarekebisha.

"Zoezi utarekebisha. Na mama yake? Mtoto anachapwa kwa neno lako."

"Nitamwambia."

"Haya. Kinywa ni chako."

Nisikilizeni hapa, maana kukosea upande si jambo kubwa kuliko yote niliyokosea. Ninyi nanyi mtakosea upande, mkiwa na bahati mtagundua mapema. Na sijui hata leo ni kiasi gani cha kinundu kile kilitoka kwangu na kiasi gani kingekuja tu, maana migongo mingine hupinda hata ukiifanyia kila lililo sahihi. Lile jingine ndilo ninalolijua uzito wake.

Walikuja siku yao ya kliniki. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Mama Subilaga akawahi kusema, "Tata, safari hii nimemsimamia mwenyewe. Hajakosa hata siku moja." Na mlangoni walikuwa wamesimama wagonjwa wengine, wawili wao wa kule chumbani kwangu Bagamoyo, wanaoniita daktari wa migongo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Vizuri. Sasa tunaingia hatua ya pili. Tunabadilisha upande."

"Kwa hiyo ya kwanza amefaulu?" mama akauliza, na nilimwona usoni akitaka nimwambie ndiyo.

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa uongo mdogo. Lakini kinundu kilikuwa pale, kikubwa kuliko mwanzo, na ilibidi kiwe na mwenyewe. Nikasema, "Angekuwa mbali zaidi kama angefanya kwa bidii tangu mwanzo."

Subilaga aliinua macho. Mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama usoni, muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akayashusha tena.

Zoezi la pili nilimfundisha nikiwa nimesimama nyuma yake, sote tumeelekea upande mmoja. Nilimgusa ubavu ulioingia ndani kwa vidole viwili, nikamwambia apeleke pumzi ije isukume vidole vyangu, mama yake akiwa pembeni. Nilimfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kwamba huu ndio unaopanda. Kisha nikasema, "Nionyeshe." Akanionyesha mara tatu. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mgonjwa kama ameelewa. Swali hilo lina jibu moja tu huku kwetu, na jibu hilo ni adabu, si habari. Mwambieni awaonyeshe, na mwezi ujao awaonyeshe tena kabla hamjagusa faili.

Mgongo ulitulia. Kinundu hakikurudi kilipokuwa, lakini hakikuongezeka. Akamaliza kukua nacho.

Neno langu nalo halikurudi lilipotoka. Nyumbani kwao Subilaga akawa yule mvivu aliyejiharibu mgongo. Akichelewa kuteka maji, ni uvivu ule ule. Zile sekondari za binafsi zilipoanza kufunguliwa, mama yake alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, akampeleka mdogo wake. Bi Zuhura alinieleza alichomsikia mama akisema: "Yule hata mkono wake mwenyewe hakuunyoosha asubuhi. Vitabu ataviweza?" Alinieleza akiwa anatia uzi kwenye sindano, hakunitazama. Nami nikasema ni bahati mbaya.

Ni Bi Zuhura aliyemchukua. Alimfundisha kushona, na kwa miaka mingi nikawa napita mbele ya cherehani ya Subilaga kila mchana nikienda chumbani kwangu. "Ugonile, tata," alinisalimu. "Ndaga," nikaitikia. Nilimtengenezea kiti kwa mikono yangu, chenye kibao kidogo chini ya tako la kushoto ili nyonga zikae sawa. Nilimwinulia meza ya cherehani kwa vipande vya mti ili asiinamie kitambaa. Nilimfundisha kusimama kila anapomaliza nguo moja, ashike fremu ya mlango, anyooke, avute pumzi. Mbinu hizo zichukueni, zinafaa kwa fundi yeyote, mwenye mgongo mzima na mwenye mgongo uliopinda. Lakini mjue nilizibuni nikikwepa kusema sentensi moja.

Mara moja tu Bi Zuhura alinigusia. Alinikuta nikikaza misumari ya kile kiti. "Kizuri," akasema. "Ila kwao hakitamsemea."

Bi Zuhura alifariki mwaka niliostaafu. Matangani, wanawake wakiwa wamekaa mkekani, alikuja mama Subilaga kutoka Lufingo, amezeeka, anatembelea fimbo. Alimpa pole binti yake aliyekuwa akilia kama aliyefiwa na mama mzazi. Kisha akawageukia wenzake akasema, kwa wema kabisa, kama anayemsifu marehemu, "Alikuwa na moyo wa subira yule mama. Kunivumilia na huyu mvivu wangu miaka yote hii." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Subilaga alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, ana duka, ana wanafunzi wake wawili. Naye akacheka pamoja nao.

Kile kicheko chake ndicho kilichonishinda.

Jumapili iliyofuata nilipanda Lufingo kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulinishika viatu. Nilimkuta mama Subilaga mlangoni anamenya ndizi, na Subilaga amekuja kumsalimia baada ya ibada, yuko jikoni. Nilikaribishwa, nikapewa kigoda. Sikutaka chai. Nikasema nina neno, nikalisema kwa Kinyakyusa, maana kwa Kiswahili ningepata mahali pa kujificha.

Nikamwambia kwamba yale mazoezi ya kwanza nilimfundisha binti yake upande usio wake. Kwamba yeye alifanya sawasawa na nilivyomwonyesha. Kwamba nilijua kabla ya ile siku ya hatua ya pili, na hapakuwa na hatua ya pili. Kwamba nilisema hakufanya kwa bidii kwa sababu nilijionea haya mbele ya watu.

Kisu kilisimama kwenye ndizi. Subilaga alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni.

"Tata," mama akasema, "mimi nilimchapa huyu."

"Najua, mama."

"Nilimchapa akiwa anafanya."

"Ndiyo."

"Na shule." Hakumalizia. Akamgeukia binti yake, na sauti yake ilikuwa ya ukali, ule ukali wa mtu anayetafuta pa kushika. "Na wewe! Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama," Subilaga akajibu. "Kila asubuhi nilisema."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Subilaga hakwenda kumbembeleza, na hakuondoka. Akaja akakaa chini karibu naye, akachukua kisu, akaendelea kumenya zile ndizi zilizobaki.

Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya mama tu. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga. Ya binti sikuwa nimeandaa hata moja. Nikamwomba radhi hivyo hivyo, maneno yakigongana. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua siku ile ile uliyonifunga uzi," akasema. "Mtu hafungi uzi hatua ya pili. Angeufunga ya kwanza."

"Na ukanyamaza miaka yote?"

"Wewe ulikuwa daktari, tata. Mimi nilikuwa na nani?" Akatupa ganda la ndizi. Kisha akauliza, "Wale vijana wanaokuja kwako kujifunza, umewaambia?"

Nikasema bado.

"Waambie. Na usiseme msichana mmoja. Sema jina langu. Sema nilikuwa nafanya."

Anaitwa Subilaga. Alikuwa anafanya, kila asubuhi.